Wa macho, wa masikio na wa mikono: niandae masomo matatu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Mbeya. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, wanafunzi 300 ukumbi mmoja. Mwezi uliopita tulipelekwa semina ya siku mbili ya ufundishaji jumuishi. Tuliambiwa tuwape wanafunzi dodoso, kisha tuwagawe: wanaojifunza kwa macho, kwa masikio na kwa mikono, na kila kundi liandaliwe somo lake. Nimeshachapisha madodoso 300 kwa pesa yangu. Ninaye pia mwanafunzi mwenye uoni hafifu, nimemweka kundi la masikio, na wapo wengi wasionyoosha mkono kabisa kwa kuogopa Kiingereza. Nitaandaaje masomo matatu kila wiki? Na hilo kundi la mikono, kwenye takwimu nilipatie nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kundi la mikono usilipatie kitu, na masomo matatu usiyaandae. Pole kwa pesa ya kuchapisha. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na si wewe wa kwanza. Kila semista inapofunguliwa napokea ujumbe wa namna hii kutoka Mbeya, Njombe, Songea na hapa hapa Iringa, na kila mara mwandishi ni mwalimu mwenye bidii. Mvivu asingejisumbua kwenda steshenari kuchapisha.

Nianze na mwanafunzi mwenye uoni hafifu, maana hapo ndipo uliponiuma. Umemweka kundi la masikio. Yaani shida ya kutoona ubao imegeuzwa kuwa namna yake ya kujifunza. Kinachofuata nakijua bila kufika darasani kwako: atakosa grafu, kwa kuwa grafu ni za watu wa macho. Sasa takwimu bila grafu ni takwimu gani? Huyo hakuchagua kusikiliza. Anahitaji kilekile wanachopata wenzake, ila kwa njia anayoweza kuifikia.

Mtumie slaidi siku moja kabla, ziwe maandishi halisi, si picha ya karatasi uliyoipiga kwa simu. Programu za kusoma skrini, kama TalkBack ya simu za Android au NVDA ambayo ni ya bure kwenye kompyuta, mara nyingi hukwama kwenye picha ya namna hiyo. Mchapishie grafu kubwa, mistari minene myeusi. Ukiwa mbele acha kusema "kama mnavyoona hapa, hii inapanda". Sema mavuno yamepanda kutoka gunia 20 hadi 45. Muulize anaona vizuri akikaa wapi, mwanga ukitokea upande gani, na kwenye mtihani anahitaji muda kiasi gani, kisha upeleke hilo idarani mapema kabla ratiba haijabandikwa. Mazungumzo ya dakika tano naye yatakufaa kuliko dodoso lolote. Na haki yake ya elimu imo katika Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kwa hiyo hapa hatuongelei huruma yako.

Turudi kwenye makundi. Hakuna anayebisha kwamba mmoja anapenda michoro na mwingine anapenda maelezo. Lakini kupenda ni kitu kimoja, kuelewa ni kingine. Ili dai la semina lisimame, ingebidi ichukuliwe mada ileile, wanaoitwa wa macho wafaulu zaidi wakifundishwa kwa picha, na wanaoitwa wa masikio wafaulu zaidi wakifundishwa kwa sauti, wote wakipimwa kwa mtihani mmoja. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walipitia tafiti zilizokuwapo wakitafuta ushahidi wa namna hiyo. Tafiti zilizopimwa kwa utaratibu huo zilikuwa chache mno, na baadhi zilitoa majibu yanayokwenda kinyume kabisa na dai. Huo ni mwaka 2008, mwalimu. Watoto waliokuwa chekechea wakati ule sasa wako ukumbini kwako, na bado tunawapimia macho na masikio.

Kinachoamua njia ni mada. Ramani ya mvua za Rungwe hufundishwa kwa ramani, hata kwa anayejiita wa masikio. Matamshi hufundishwa kwa sauti. Kubebesha mche wa parachichi hufundishwa kwa kisu mkononi, na hakuna dodoso litakalomponya mtu asiyewahi kukishika.

Tofauti zinazokupa sapu nyingi, yaani mitihani ya marudio, ziko kwingine. Nani alitoka kidato cha sita na hesabu nzuri, nani alizikimbia tangu kidato cha pili. Bumu la nani, yaani pesa ya mkopo, limechelewa. Nani anasoma Kiingereza na takwimu kwa wakati mmoja. Nani ana madesa, yaani nukuu za kurithi, ya mwaka jana, anayarudia pale kimbweta usiku kucha na kudhani amejua. Huyo wa mwisho msaidie mapema. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliorudia kusoma matini waliwashinda kidogo wenzao waliojikumbusha bila kuitazama, lakini pale tu walipopimwa baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja, waliosoma tena walikumbuka asilimia 42, na waliojikumbusha asilimia 56. Wala hakuna aliyewagawa kwanza kwa macho na masikio.

Kwa hiyo somo ni moja, ila livunje kila baada ya dakika kumi na tano kwa swali. Kwa mfano: wakulima tisa wa viazi Uyole wamevuna gunia 20 kila mmoja, wa kumi amevuna 220. Mwaka unaofuata huyo wa kumi anavuna 320, wengine wamebaki palepale. Kipi kitabadilika: wastani, thamani ya katikati (mavuno yakipangwa kutoka madogo hadi makubwa), au vyote viwili? Lisome kwa sauti, tena taratibu. Kila mmoja ajibu peke yake kwa vidole kifuani, kimoja, viwili au vitatu, ili asichungulie cha jirani. Halafu wageukiane wabishane dakika mbili, kwa Kiswahili, kisha wajibu tena. Utasikia ukumbi unavuma. Wastani umetoka 40 kwenda 50, ya katikati imebaki 20, na mtu aliyemweleza jirani yake kwa nini iko hivyo, hatasahau upesi. Eric Mazur alianza kufundisha fizikia kwa utaratibu huu pale Harvard mwaka 1991, na hauhitaji umeme wala projekta.

Kiingereza kije baadaye, wakati wa kutoa jibu mbele ya darasa, wakiwa wameshajua wanachotaka kusema. Na ukiuliza swali, nyamaza. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima madarasa ya Marekani miaka ya 1970 akakuta mwalimu hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kujijibu au kumrukia mwingine. Hesabu hadi tano kimoyomoyo. Itakuwia ndefu kama foleni ya Mwanjelwa, vumilia.

Sasa niseme la moyoni kuhusu semina zenyewe. Kuna soko la vyeti siku hizi. Mwezeshaji anashuka na begi, anabandika ile piramidi ya kwamba tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma, 20 ya tunachosikia, na kadhalika mpaka 90. Edgar Dale, mtaalamu wa elimu wa Marekani ambaye hubebeshwa mzigo huo, alichora koni yake mwaka 1946 bila asilimia hata moja. Tarakimu zilipachikwa na wengine. Na hebu zitazame tu: umeshaona lini utafiti wa kweli unaotoa majibu ya kumi, ishirini, thelathini? Niliwahi kumuuliza mwezeshaji mmoja zimetoka wapi, akanijibu kwamba zipo kwenye slaidi.

Mwingine huita "ushirikishwaji" kule kuwapa wanafunzi kumi na wawili kazi moja ya kundi, ambapo wawili wanaiandika, mmoja anaichapa, tisa wanasaini, na yule asiyeona vizuri anaambiwa apumzike. Ukiisahihisha unakuta alama zimepanda, idara inafurahi, kumbe hujui nani amejua nini hadi wadisko, yaani waondolewe chuo kwa kufeli, semista ya pili. Mtu akikuletea njia ya kuwapanga wanafunzi kwenye visanduku kwa dodoso la dakika kumi, mwombe akuonyeshe mtihani ambao njia hiyo ilifaulisha watu, si picha za washiriki wakipokea vyeti.

Yale madodoso 300 usiyatupe. Upande wa nyuma ni mweupe. Yakate vipande vinne, utapata karatasi 1,200: kila mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aandike, kwa lugha anayoiweza, jambo moja lililomshinda. Usisome zote, chota hamsini tu usiku huo, na kesho yake uanzie hapo. Kwa vipindi vinne una karatasi za kutosha.