Kabla hujamwazimisha mwenzako toki renchi

Sisi tunaotengeneza magari yetu wenyewe nyumbani, tusio mafundi wa kulipwa, tunaazimana sana vifaa, na sioni namna nyingine. Spana, soketi, jeki na plaizi kila mmoja anazo. Lakini pula ya kung'olea beringi, kibanio cha springi, geji ya kompresheni, toki renchi (spana ya kukazia nati kwa nguvu iliyopimwa) na mashine ya kusoma hitilafu za gari ni vitu ambavyo mwenye gari moja anavihitaji labda siku moja kwa mwaka, na vilivyo imara ni vya bei. Hakuna haja ya majirani watano wa Tabata wanaojuana miaka yote kwenda madukani Gerezani kila mmoja akanunue pula yake. Mimi naazima na naazimisha, na nitaendelea.

Wengi wanapoazimisha huogopa kifaa kupotea. Kikipotea ni hasara, ila unajua kimepotea na unatafuta kingine. Mimi naogopa zaidi kile kinachorudi kikiwa kizima kwa macho ilhali kimeharibika ndani, nawe unaendelea kukiamini.

Chukua toki renchi. Ile ya kawaida, inayolia "ka" ukifikisha nguvu uliyoitaka, ina springi ndani ya mpini. Ukizungusha mpini kupandisha namba, unaibana hiyo springi. Mtu akiirudisha ndani ya boksi ikiwa bado kwenye namba ya juu, ikakaa hivyo miezi, springi inapoteza nguvu yake. Akiidondosha kwenye sakafu ya saruji, akaitumia kufungulia nati iliyoganda, au akaiosha kwa mafuta ya taa mpaka grisi ya ndani ikatoka, kipimo kinahama. Hakuna hata kimoja kati ya hayo kinachoacha alama nje. Bado italia, ila italia kwenye nguvu ambayo siyo.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Injini ya Toyota iitwayo 1NZ-FE imejaa kwenye IST, Vitz na Probox tunazoendesha. Boliti zake za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, hukazwa kwanza kwa Nm 29 (Nm ni nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha kila moja huzungushwa digrii 90, kisha digrii 90 nyingine. Hatua ya kwanza ikikosewa, mbili zinazofuata zinasimama juu ya kosa hilo. Umenunua gasketi mpya, umepeleka hedi ikasawazishwe, umepoteza wikiendi mbili, halafu injini inaanza kula maji. Utamlaumu aliyekuuzia gasketi, kumbe mkosaji yumo ndani ya boksi lako la vifaa.

Kwa hiyo toki renchi yangu haitoki mpaka nimemwonyesha anayeichukua mambo matatu, kwa mkono, siyo kwa simu: ni ya kukazia tu, ikishalia unaacha, huongezi "kidogo kwa usalama", na kazi ikiisha unairudisha kwenye namba ya chini kabisa iliyoandikwa, bila kuilegeza kupita hapo. Namwonyesha pia kwamba ina vipimo viwili, Nm upande mmoja na futi-pauni upande wa pili. Nati za tairi za Toyota ndogo nyingi zinataka Nm 103. Ukiweka 103 kwenye futi-pauni umekaza karibu Nm 140, na uzi wa stadi, ile boliti inayoshika tairi, unaweza kuliwa.

Ikirudi naipima kabla sijaiweka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinataka renchi za aina hii zikapimwe upya kila miezi 12 au baada ya kutumika mara 5,000, na ukiwa na kazi nzito ya injini inafaa kuipeleka kwenye mashine ya kupimia. Kwa ukaguzi wa nyumbani nina njia ninayoipenda. Nafunga kile kichwa cha mraba kwenye jiliwa, renchi ikiwa imelala sawasawa na sakafu, upande ambao uzito utauvuta mpini kuelekea kukaza. Nachukua ndoo, naijaza maji mpaka mizani isome kilo 15, ndoo ikiwemo. Naining'iniza taratibu katikati ya mshiko, sentimita 40 kutoka katikati ya kile kichwa. Hapo nguvu ni karibu Nm 59, ukiongeza na uzito wa renchi yenyewe inazidi kidogo. Renchi ikiwekwa Nm 50 ni lazima ilie. Ikiwekwa 70 haipaswi kulia. Kipimo hiki ni cha kubaini uongo mkubwa tu, na uongo mkubwa ndio unaoharibu injini. Fanya hivyo hivyo kabla haijatoka, ili usije ukamsingizia mtu kosa ambalo lilikuwepo.

Kibanio cha springi kina habari nyingine kabisa, na hapa sina utani wala urafiki. Hakiondoki kwangu bila mimi mwenyewe. Magari madogo mengi yana shokapu ya mbele iliyovikwa springi, na ile springi imebanwa hata gari likiwa juu ya stendi na tairi halipo. Ukifungua nati ya juu ya shokapu kabla springi haijabanwa vya kutosha, kile kikombe cha juu kinaruka kwa nguvu inayoweza kuvunja taya au kuua. Nimeona watu wakifunga springi kwa waya wa kufungia nondo na kuendelea na kazi. Mtu anayeona hilo ni kawaida, ukimpa kibanio bila maelezo atakitumia kwa akili ile ile ya waya.

Kwa hiyo jibu langu huwa, "Kaka, kibanio kipo, ila njoo na gari Jumamosi asubuhi tufanye pamoja." Hajawahi kununa mtu. Akija, tunakagua ndoano kama hazijapinda, tunapaka grisi kwenye nyuzi, tunaweka ndoano mbili zikikabiliana pande mbili za springi, kisha tunakaza kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule, kwa mkono na wala si kwa bunduki ya upepo. Nati ya juu haiguswi mpaka springi icheze kwenye vikombe vyake. Na hakuna anayekaa mbele ya ncha yoyote ya shokapu. Akishaifanya mara moja namna hiyo, amejifunza jambo litakalomlinda hata siku atakayoazima kwa mwingine.

Mashine ya kusoma hitilafu haiui mtu, ila huleta maneno. Mwenzako anachomeka kwenye gari lake, haisomi kitu, anakurudishia akisema ni mbovu. Mara nyingi ni nzima. Mfumo wa OBD-II, ambao gari hutumia kueleza hitilafu zake kwa mashine hiyo, ulikuwa wa lazima Marekani tangu 1996, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli tangu 2001, lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo tunayoagiza, mengi ya miaka ile yana soketi ya umbo lile lile huku yakizungumza lugha ambayo visomaji vya bei rahisi havielewi. Mwambie hilo mapema. Na mwambie aandike namba za hitilafu, au azipige picha, kabla hajazifuta. Ukifuta kwanza, fundi atakayekuja baadaye hana pa kuanzia.

Pula, geji na vifaa vingine vya chuma kitupu naazimisha bila masharti mengi, isipokuwa moja: asimpe mtu wa tatu. Kwa huku kwetu vifaa vingi hupotea kwa njia hiyo. Rafiki anaazima, kazi inamshinda, anaipeleka gari gereji pamoja na pula yako, fundi anabaki nayo "kesho tu," na baada ya muda gereji imehama. Pula yangu ya kwanza ya beringi iliishia hivyo, na aliyeiazima alikuwa mtu mwaminifu kabisa. Siku hizi nasema waziwazi: kazi ikikushinda, pula inarudi kwangu kwanza, gari ndilo linakwenda gereji.

Pia naandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, nami nina daftari dogo kwenye droo ya vifaa: nani, nini, lini, kwa kazi gani. Vifaa vyenye vipande vingi navitandaza juu ya boksi lake na kuvipiga picha mbele ya anayechukua, kisha namtumia. Siku ya kurudisha tunaipanga kwa kazi, tukisema "Jumapili jioni ukishamaliza ekseli," kwa sababu "wiki ijayo" haina mwisho. Nani atalipa kikivunjika tunakubaliana hapo hapo, kabla mkono haujagusa boksi. Maduka ya AutoZone kule Marekani huazimisha vifaa kwa amana ambayo mteja anarudishiwa yote akikirejesha. Baina ya marafiki sijaona haja ya pesa ya amana, lakini kwa mtu niliyemfahamu jana ningeiomba bila aibu, naye angeelewa.

Na wewe unayeazima, kirudishe kikiwa safi kuliko ulivyokipokea. Kama ndoano imepinda au jino la pula limekatika, sema mlangoni, kabla mwenyewe hajafungua boksi. Wengi husamehe chuma kilichovunjika. Kimya hawakisamehe.

Vile vya gharama zaidi, kama winchi ya kushushia injini au pampu ya kuvutia hewa kwenye AC pamoja na geji zake, ni bora kuchangia watu wanne au watano na kuviweka kwenye nyumba moja yenye ukuta. Chagueni mtu mmoja mwenye ufunguo. Pampu ya AC inachafua oili yake haraka, na oili chafu huizuia kuvuta hewa yote, unyevu ukabaki kwenye mfumo. Kwetu aliyeitumia mwisho ndiye anayenunua oili mpya na kuibadilisha kabla ya kuirudisha, na mwenye ufunguo huangalia kioo cha oili kabla ya kuipokea.