Raha, tamaa na utulivu: maswali yenu kuhusu Wagiriki wa kale

Katika Matendo ya Mitume 17, Paulo anakutana na Waepikureo na Wastoiko mjini Athens. Ni kweli Waepikureo walikuwa watu wa ulevi na karamu?

Hapana, na sifa hiyo inaniuma, maana Epicurus, mwanafalsafa ambaye Waepikureo waliitwa kwa jina lake, aliikanusha mwenyewe akiwa hai. Karibu mwaka 306 KK alianzisha shule yake bustanini, akapokea hata wanawake na watumwa. Chakula chake kilikuwa mkate na maji. Aliwahi kumwomba rafiki amtumie chungu kidogo cha jibini, ili siku akitaka karamu awe nayo. Kwake, kilele cha raha ni mwili usioumwa na nafsi isiyo na wasiwasi; ukifika hapo raha haizidi, hubadilika ladha tu. Akayagawa matamanio mafungu matatu: ya asili na ya lazima, kama maji kwa mwenye kiu, ya asili yasiyo ya lazima, kama mapishi ya gharama, na yale matupu, kama kutaka usimamishiwe sanamu. Haya ya mwisho hayana kikomo, ndiyo yanayomnyima mtu usingizi.

Nimesikia kuna falsafa ya raha iliyotokea Afrika?

Ipo. Aristippus, mwanafunzi wa Socrates, alizaliwa Cyrene, koloni la Wagiriki katika Libya ya leo. Yeye alitaka raha ya sasa, unayoisikia mwilini. Kutoumwa tu, walisema wafuasi wake, ni hali ya mtu aliyelala.

Na Wastoiko?

Stoa ni baraza. Zeno, mzaliwa wa Citium kisiwani Cyprus, alifundisha Athens kwenye baraza yenye michoro, wafuasi wakapata jina hapo. Kwao jema ni uadilifu peke yake. Tamaa ni hukumu iliyokosewa: akili inakubali kwamba mali au cheo ni chema, moyo unakimbilia huko. Epicurus anapunguza matamanio. Zeno anasahihisha hukumu inayoyazaa. Wala hawakutaka mtu awe jiwe, furaha ya mwadilifu waliikubali.

Utulivu wanaoutafuta ni mmoja? Wewe ungemfuata nani?

Si mmoja. Pyrrho wa Elis, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, aliupata kwa kuacha kushikilia maoni. Inasimuliwa kwamba katika dhoruba baharini aliwaonyesha abiria nguruwe aliyekuwa akila bila hofu. Mimi namfuata Epicurus. Siku ya kufa kwake, mkojo umeziba na maumivu makali, alimwandikia rafiki yake Idomeneus kwamba furaha ya kukumbuka mazungumzo yao inayakabili maumivu yote hayo, kisha akamwomba awatunze watoto wa Metrodorus, rafiki yao aliyetangulia.