Mlima umeingia ziwani: maswali yenu kuhusu turubai la Python

Mara iliyopita niliwaomba wanaojengea Matplotlib turubai lao wenyewe, yaani uso wa kuchorea, waniandikie pale walipokwama. Ujumbe umekuja kutoka mitaa ya hapa Goma, Katindo, Himbi, Majengo, Birere, hata Bukavu, kule mwisho wa Ziwa Kivu. Kwa msomaji mgeni: Matplotlib ni maktaba ya Python ya kuchora grafu. Yenyewe inajua kitu gani kichorwe na kikae wapi, lakini haishiki wino. Anayeshika wino ni bakendi, yaani ile sehemu ya nyuma inayogeuza amri kuwa rangi kwenye skrini au karatasi. Bakendi ya Agg hutoa pikseli, nyingine hutoa PDF, nyingine SVG, na yeyote anaweza kuongeza ya kwake bila kugusa maktaba yenyewe.

Jambo Mwalimu. Nimefungua RendererBase, klasi mama ya kila mchoraji wa Matplotlib, nikakuta funksheni nyingi mno, nikafunga mashine. Zote ni lazima niziandike? (Mwanafunzi, Katindo)

Si lazima, mdogo wangu. Fungua mashine tena. Anza na moja tu, draw_path. Mstari, mhimili, nguzo za grafu, duara, vyote vinakufikia kama njia: orodha ya nukta, na kwa kila nukta maelezo ya namna ya kuifikia. Usipoandika draw_markers, klasi mama itaita draw_path mara moja kwa kila alama. Usipoandika draw_text, itafuata kingo za kila herufi na kukuletea herufi nayo kama njia ya kujazwa wino. Ni polepole, lakini kazi inakwenda, nawe unaona picha siku ileile ya kwanza. Naamini hilo ndilo linalompa mtu moyo wa kuendelea: kuona mstari wake mmoja umetokea. draw_image iache kwanza, uiandike siku utakayotaka kuonyesha ramani au picha ya kamera.

Halafu unahitaji klasi ya turubai inayorithi FigureCanvasBase. Ndani ya draw yake unatengeneza mchoraji wako na kuita self.figure.draw(mchoraji). Faili iite, tuseme, turubai_yangu.py, uhakikishe humo mna klasi yenye jina FigureCanvas, kisha:

matplotlib.use("module://turubai_yangu")

Kama hutaki kugusa programu yenyewe, weka maneno hayo ya module:// kwenye kigezo cha mazingira MPLBACKEND. Na ukishasakinisha Matplotlib tayari unayo backend_template.py kwenye mashine, kiolezo kifupi kilichoandikwa kwa ajili ya watu kama wewe. Kisome chote, hakitakula hata mega moja.

Yaya, nimechora Nyiragongo kama pembetatu juu ya mstari wa bluu wa ziwa. Kwenye turubai langu la Tkinter (maktaba ya madirisha ya Python) mlima umepinduka, kilele kimeingia ziwani! Ajabu ni kwamba maandishi, niliyoyaandikia draw_text yangu mwenyewe, yamekaa sawasawa. (Himbi)

Umenisaidia sana kutaja maandishi, maana hapo ndipo ugonjwa unapojionyesha.

Matplotlib inahesabu kama tulivyofundishwa shuleni: sifuri iko chini kushoto na namba zinapanda juu. Tkinter, kama skrini nyingi, inaanza juu kushoto na kushuka. Turubai likiwa na kimo cha pikseli 480, nukta iliyo 100 kutoka chini iko 380 kutoka juu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari na kilele cha Nyiragongo mita 3,470. Ukimkabidhi Tkinter namba hizo zilivyopangwa na Matplotlib, kubwa inashuka na ndogo inapanda.

Sasa, kwa nini maandishi yamepona? Kwenye klasi mama kuna funksheni iitwayo flipy, na jibu lake la kawaida ni True. Wengi wanaisoma, wanafurahi, wanadhani kugeuza kumeshafanyika. Lakini flipy inahusu maandishi tu. Njia zinakufikia jinsi zilivyo, na wa kuzigeuza ni wewe, ndani ya draw_path:

geuza = transform + Affine2D().scale(1, -1).translate(0, kimo)

Baada ya mstari huo tumia geuza kila mahali ulipokuwa unatumia transform. Fanya hivyo mahali pamoja tu. Nimeona programu ambamo y inageuzwa kwenye mistari, ikageuzwa tena kwenye alama, na mwenye programu akabaki haelewi kwa nini nusu ya grafu iko juu na nusu chini.

Tafadhali usijaribu kuuponya kwa kupindua data yako au kuita invert_yaxis. Skrini itaonekana nzuri, lakini siku utakapohifadhi grafu hiyohiyo kama PDF, mlima utarudi ziwani, kwa sababu bakendi ya PDF haikuwa na kosa lolote.

Jambo moja kwa wengine ambao wameandika draw_text yao wenyewe na maandishi yakatoweka kabisa. Angalieni get_canvas_width_height. Msipoiandika, klasi mama inajibu 1 na 1, yaani inaamini turubai lote ni pikseli moja, na maandishi yanatupwa nje juu ya ukingo. Rudisheni upana na kimo halisi.

Nachorea watoto wangu chukudu, ile skuta yetu ya mbao. Mbao zimetoka vizuri, magurudumu yana pembe-pembe. Nimehesabu nukta, ni 26 kwa kila gurudumu, nami nimeziunganisha zote. Nimekosea wapi? (Papa wa watoto watatu, Majengo)

Papa, kuhesabu nukta ni nusu ya jibu. Duara la Matplotlib limejengwa kwa vipande 8 vya mkunjo. Kila kipande kina nukta 3, hizo ni 24. Ongeza moja ya kuanzia na moja ya kufunga, 26. Lakini katika kila tatu, ni ya tatu tu iliyo kwenye ukingo wa gurudumu. Mbili za kwanza zimesimama nje, kama vigingi vinavyovuta kamba bila kamba kuvigusa. Wewe umeipeleka kamba mpaka kwenye vigingi na kuirudisha, ndiyo maana gurudumu linafanana na lile ambalo fundi amelichonga kwa panga na bado hajalipiga tupa.

Kila nukta inakuja na namba ya kazi yake: 1 inua kalamu uende, 2 chora mstari ulionyooka, 3 mkunjo wenye kigingi kimoja, 4 mkunjo wenye vigingi viwili, 79 funga njia. Nukta inayokuja na 79 usiifuate. Namba zake hazina maana, wewe rudi tu ulipoanzia. Usizichambue mwenyewe moja moja. Ita path.iter_segments(geuza), itakupa kila kipande kikiwa kimeshafungashwa: namba 2 kwa mstari, 4 kwa mkunjo wa kigingi kimoja, 6 kwa mkunjo wa vigingi viwili.

Kwa Tkinter nakushauri njia fupi: iter_segments(geuza, curves=False). Matplotlib yenyewe itaikata mikunjo kuwa vistari vidogo, na kwa kuwa inafanya hivyo baada ya kuhamishia kila kitu kwenye pikseli, jicho halioni pembe. Kama turubai lako linajua mkunjo wa vigingi viwili peke yake, mkunjo wa kigingi kimoja unaugeuza hivi: kutoka kila ncha, tembea theluthi mbili ya safari kuelekea kigingi, hapo ulipofika kila upande ndipo penye vigingi vyako viwili vipya. Umbo halibadiliki hata kidogo.

Hesabu hii ya mikunjo ilizaliwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliifanyia kazi Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier akaitangaza akiwa Renault miaka ya 1960. Walitaka kuchora bodi za magari. Inanifurahisha sana kuiona ikizungusha gurudumu la mti la hapa kwetu.

Kichwa cha grafu yangu ni "Nyiragongo" na kinatoka kama madoa. Mistari mingine haina shida. (Himbi, msomaji mwingine)

Hesabu herufi zenye tundu katika jina hilo: a, g, o, g, o. Tano. Kila moja inakuja kama njia yenye mizunguko miwili, wa nje na wa tundu, na create_polygon ya Tkinter haijui tundu. Inajaza yote. Hapa kwa kweli inabidi uandike draw_text yako kwa create_text.

Ukifanya hivyo, andika pia get_text_width_height_descent, na uipime kwa fonti ileile unayochorea. Ukipimia fonti moja na kuchorea nyingine, kichwa kitaegemea upande mmoja. Kipimo cha tatu ni kina cha mikia, na jina letu lina mikia mitatu, y moja na g mbili. Matplotlib inakupa y ya mstari ambao herufi zinakalia, mikia ikining'inia chini yake; Tkinter ukimwambia anchor="sw" anashika chini kabisa, penye mwisho wa mkia. Kwa hiyo shusha maandishi kwa kiasi cha metrics("descent"). Na ukubwa wa fonti mpe kwa namba hasi, kwa mfano -14: kwa Tk hasi maana yake pikseli, chanya maana yake pointi.

Nina kibanda cha fotokopi Birere. Kwenye skrini grafu za wanafunzi ni nzuri, nikichapa kwa nukta 300 kwa inchi herufi zinakuwa kama sisimizi. (Mama wa fotokopi)

Mama, heshima yako. Ni points_to_pixels. Matplotlib inapima herufi na unene wa mistari kwa pointi, na pointi 72 zinafanya inchi moja. Klasi mama inarudisha namba kama ilivyoipokea, kwa hiyo herufi ya pointi 10 imechorwa kwa pikseli 10. Kwenye skrini ya nukta 100 ilitakiwa karibu 13.9, upungufu ambao jicho linasamehe. Kwenye 300 ilitakiwa karibu 41.7, nayo imetoka chini ya robo. Anayekuandikia programu aweke:

return pointi * self.dpi / 72

Na dpi, yaani nukta kwa inchi, aichukue kwenye figure.dpi kila mara draw inapoitwa. Akiishika mara moja tu mwanzoni, savefig, amri ya kuhifadhi grafu, ikibadilisha dpi yeye hatajua. Unene wa mistari, gc.get_linewidth(), nao upite hapohapo.

alpha=0.3 haifanyi kitu, rangi inabaki nzito. (Ndosho)

Turubai la Tkinter halina rangi za kupenyeza mwanga. Unaweza kuchanganya rangi na nyeupe wewe mwenyewe kabla ya kuchora, lakini maumbo mawili yakipandana utaona uongo. Kama kupandana ndiko unakotaka kuonyesha, mwachie Agg achore kisha uweke picha yake kwenye dirisha. Ndivyo bakendi ya TkAgg inavyofanya.

Aksanti kwa makala. Nataka grafu ichorwe kwenye seva, ionekane kwenye simu za watu kupitia kivinjari. Mega ni ghali. Nitume picha au nitume amri? (Bukavu, Kadutu)

Piga hesabu kwanza. Grafu ya kawaida ni inchi 6.4 kwa 4.8, kwa nukta 100 ni pikseli 640 kwa 480. Kila pikseli baiti 4: jumla 1,228,800 kabla ya kubanwa. Mstari wa mvua ya miezi 12, pamoja na mihimili na maandishi, ni amri mia kadhaa. Hapo tuma amri. Kivinjari kina moveTo, lineTo, quadraticCurveTo na bezierCurveTo, kila moja ikiwa na mwenzake kule Matplotlib, kwa hiyo huhitaji kugeuza mkunjo wowote.

Ila ukiwa na nukta 50,000 mambo yanageuka. Kwa draw_path peke yake, kila kiduara kinasafiri na nukta zake 26, kila nukta namba mbili, kila namba baiti 4: baiti 10,400,000. Picha nzima ingekuwa nafuu. Andika draw_markers: umbo la kiduara unalituma mara moja, kisha unatuma mahali tu, na kivinjari kinagonga umbo hilo kama muhuri. Hizo ni baiti 400,000. Na kama grafu yako inabadilika kila sekunde, soma jinsi WebAgg, bakendi ya kivinjari, inavyofanya: inatuma picha, lakini baada ya ile ya kwanza inatuma tofauti tu, zile pikseli zilizobadilika.

Ukifika kwenye simu utaona mistari myembamba ya mihimili imekuwa na ukungu. Mstari wa pikseli moja uliowekwa kwenye namba kamili unakaa katikati ya pikseli mbili na kuzipaka zote nusu nusu. Isogeze mistari iliyolala na iliyosimama kwa 0.5, ile iliyoinama iache ilivyo.