Kichwa maji: mpira au tundu?

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Umeuliza, ukiwa Wete, kisiwani Pemba, iwapo mwanao wa miezi minne aliyepata kichwa maji baada ya maambukizi awekwe mpira wa kuteremsha maji hadi tumboni, au atobolewe tundu ndani ya ubongo kwa kamera nyembamba na kuunguzwa tishu inayotengeneza maji hayo.

Njia hizi mbili zililinganishwa Mbale, Uganda, kwa watoto wachanga 100 wenye hali kama ya mwanao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuonesha tofauti ya maana katika ukuaji wa akili baada ya miezi 12. Kwa hiyo usiingiwe na khofu kwamba ukichagua moja utakuwa umemdhulumu mtoto.

Tofauti kubwa kwenu, kwa maoni yangu, ni bahari. Tundu likishindwa, aghalabu hushindwa katika miezi sita ya mwanzo, ilhali mpira unaweza kuziba hata baada ya miaka, na ukiziba ni dharura isiyosubiri boti ya kesho kwenda Unguja. Ndiyo maana, iwapo daktari ataona maumbile ya ubongo wake yanaruhusu, mimi ningeegemea tundu.

Njia yoyote itakayofuatwa, kila asubuhi mkalishe akiwa ametulia, umpapase utosi kwa ncha za vidole: ukiwa umetuna na kukaza, au akitapika, au macho yakielekea chini, usingoje siku ya kliniki. Na kabla ya kutia saini, muulize daktari ni nani wa kumpigia simu usiku.