Ushuru Sifuri, Mzigo Bado Umelala Mpakani

MUULIZE BABU FORODHA
Maswali ya wasomaji yanajibiwa na wakala mstaafu wa forodha, Tanga

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi ni mama wa Muheza, nasaga na kufungasha viungo: iliki na pilipili manga za Amani, na mdalasini. Nina mteja Mombasa. Mwezi uliopita nilipanda basi na katoni nne, nikijua Afrika Mashariki soko ni moja na ushuru hakuna. Kule upande wa pili nikaambiwa ushuru kweli sidaiwi, ila mzigo hauingii kwa sababu pakiti hazina alama ya ubora. Ukalala siku mbili, nikarudi nao. Sasa mwanangu aliyeko chuo ananiambia Tanzania ingesaini ule mkataba wa Ulaya ningekuwa nauza Hamburg, nisingehangaika na Mombasa. Baba yake anasema mikataba hiyo ni ukoloni mtupu. Chakula cha jioni sasa ni bunge. Nani mkweli?
Mama Iliki, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa nauli ya kwenda na kurudi. Nianze na bunge lako la jioni.

Mkataba anaousema kijana ni EPA, mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Mazungumzo yalimalizika Oktoba 2014. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba 2016, sisi tukagoma, na Novemba mwaka huo Bunge likashauri tusitie saini. Rais Magufuli aliuita aina ya ukoloni, kwa hiyo mumeo hakuliokota neno hilo njiani. Mzee Mkapa naye aliandika kuupinga. Tungetakiwa kuondoa ushuru kwenye asilimia 82.6 ya bidhaa zinazotoka Ulaya, kidogo kidogo kwa miaka 25, naye aliona viwanda vyetu vichanga havitahimili.

Siku hizo kwenye baraza letu la kahawa, Barabara ya Nane pale Ngamiani, mimi nilikuwa upande wa kusaini. Tulibishana mpaka muuza kahawa akabeba birika lake akahamia kwa wacheza bao. Jambo moja nililijua kwa kazi yangu, na kwa ubishi nikalisahau: bidhaa za Tanzania zinaingia Ulaya bila ushuru tangu 2001, chini ya mpango wa nchi zenye maendeleo duni unaoruhusu kila kitu isipokuwa silaha. Iliki si silaha. Kenya haimo kwenye kundi hilo, ndiyo maana maua yake yalikatwa ushuru mwishoni mwa 2014, na ndiyo maana baadaye ikasaini mkataba wake peke yake Desemba 2023, ukaanza kazi Julai 2024. Jirani alikuwa anakimbia mvua ambayo kwetu haikuwa inanyesha.

Kwa hiyo mwambie kijana kwamba ushuru wa iliki yako Hamburg ni sifuri leo hii, bila EPA. Mbona huuzi huko? Kilichokuzuia kuingia Mombasa, yaani viwango vya ubora, ndicho hichohicho kinachokungoja Hamburg, na huko kina meno zaidi. Chukua pilipili manga tu. Ulaya haitaki sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye chakula chenye unyevu, izidi mikrogramu 10 kwa kilo. Ukisikia hivyo haikuingii akilini, basi fikiria hivi: gramu moja ya sumu ikisambaa kwenye tani 100 za pilipili, umeshagusa kikomo. Malori kumi ya tani kumi kumi, yanazuiwa na kitu unachoweza kukiweka kwenye ncha ya kisu.

Na usidhani ni Wazungu tu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sumukuvu hiyohiyo. Siku chache baadaye ikayafungulia, kwa sharti la cheti kinachoonyesha kiwango kiko chini ya mikrogramu 10 kwa kilo. Ushuru ulikuwa sifuri kabla ya katazo, ukawa sifuri baada yake. Malori yalisimama vilevile.

Tofauti ninayoiona mimi ni hii. Ile 10 ya mahindi ni kiwango cha Afrika Mashariki, wataalamu wetu walikaa mezani ikaandikwa. Ya Ulaya tunaletewa tuisome. Na viwango vina ujanja: kimoja kinalinda tumbo la mlaji, kingine kinalinda soko la mwenye kiwanda, na kwenye karatasi vimevaa kanzu moja. Baraza zima tuligombania ushuru mwaka ule, hakuna aliyeuliza maabara iko wapi na kipimo analipa nani.

(Mkonge uliotulisha Tanga nzima uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, miche 62 tu ikafika hai. Leo ingekuja bila cheti cha afya ya mimea ingechomwa moto bandarini.)

Tuje kwenye katoni zako. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho, uipeleke TBS, shirika la viwango. Mjasiriamali mdogo anapimiwa bidhaa bila ada kwa kuanzia. Ukishapata alama, ichapishe kwenye pakiti, usibandike stika inayobanduka kwa jasho. Sheria ya Jumuiya ya 2006 kuhusu viwango inataka alama ya nchi moja itambuliwe na nyingine, hivyo atakayekurudisha tena mwombe sababu kwa maandishi. Mzigo usiozidi dola 2,000 ujazie cheti rahisi cha uasilia, kinachoonyesha bidhaa imetoka Tanzania, palepale mpakani Horohoro kabla hujavuka.

Lakini hata alama haitakusaidia kama pilipili ina unyevu. Anika juu ya chanja, si chini kwenye turubai, wala usifungashe ikiwa bado na joto la jua, itatoka jasho ndani ya nailoni. Kabla ya kusaga, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia pilipili nzima hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika kadhaa, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Ikianguka yote chini, saga.

Kijana akirudi likizo, mpe yeye chupa atikise.