Usimkatie mama cheti cha kuzaliwa kabla hujarekebisha kitambulisho

Simama hapo hapo. Kesho usiende kukata hicho cheti.

Umeandika kwamba mama yako wa Micheweni ana miaka 72, kitambulisho chake cha Mzanzibari kinasema kazaliwa 1958, na anayekusaidia kakwambia mkate cheti cha kuzaliwa cha 1953, mkaombee nacho pensheni jamii, kitambulisho mkifiche. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi kwa mama yangu mkubwa. Karatasi zilipokwama, mshauri hakupokea tena simu. Mtu anayecheza na haki ya mzee namna hiyo mimi simsamehei kirahisi.

Pensheni hii imeanza 2016, ni ya kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au alilima muhogo maisha yake yote. Ukaazi, sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa wenu) anaujua. Kinachobaki ni umri, na hapo ndipo wazee wanapokwama.

Ukienda na cheti cha 1953 na jina hilo hilo lina kitambulisho cha 1958, umepeleka mwenyewe ushahidi kwamba karatasi yako moja si sahihi. Afisa hawezi kukuchagulia ile unayoipenda. Faili linawekwa kando, nawe sasa una kazi mbili: kueleza cheti kimetoka wapi, kisha kurudi kurekebisha kitambulisho ulichokikimbia. Na cheti kilichokatwa juzi kwa maneno yenu wenyewe hakina uzito. Mkikiacha kitambulisho kama kilivyo, kusubiri miaka mitatu mpaka umri wa kwenye kadi hiyo utimize 70 ni miezi 36. Kwa shilingi 50,000 kila mwezi, ni 1,800,000 za mama yako.

Anza na kitambulisho, ofisi ya usajili wa matukio ya kijamii ya wilaya. Nenda na karatasi kuukuu, zilizoandikwa kabla hakuna aliyewaza pensheni: hati ya ndoa, pasi ya zamani, na zaidi ya zote cheti cha kifungua mimba wake. Umesema kaka yako kazaliwa 1971. Kwa kadi ile, mama alizaa na miaka 13. Kwa 1953, alikuwa na 18. Hesabu hiyo iandike kwenye maombi, usiwaachie waitafute.

Mama mwenyewe msimuulize tarehe, muulizeni matukio. Mapinduzi ya 1964 alikuwa kafika juzuu ya ngapi chuo cha Kurani? Mzee Karume alipouliwa, Aprili 1972, mtoto alikuwa anatambaa au anatembea? Kosa lenyewe huzaliwa siku ya kuandikishwa: bibi anasema sijui, mjukuu aliyemsindikiza anataja mwaka wowote ili foleni isogee.

Kwa sheha chukua barua, majina matatu yafanane herufi kwa herufi. Mwanakombo wa kwenye kadi asigeuke Mwana Kombo kwenye barua, maana hapo nako watakurudisha.

Kwa kuwa mama hatembei vizuri, siku ya kuomba pensheni ulizia pale pale namna ya kumwandikisha wa kumpokelea.

Kadi mpya ikitoka, isome ukiwa bado dirishani: mwaka, majina, shehia. Ikiwa sawa, ndipo uende ustawi wa jamii wilayani, na hicho cheti kama bado unakitaka kikatwe baadaye, kwa mwaka ule ule ulio kwenye kadi.