Kabla hujawasomea watoto hadithi za Wairokwa, tazama picha

Ndugu unayeanza kuwasomea watoto maktabani hadithi hizi za Wairokwa, wenyeji wa asili wa kaskazini-mashariki mwa Marekani, usikimbilie maneno. Kipitie kitabu ukurasa kwa ukurasa kwa macho tu, maana makosa mengi yamo kwenye michoro.

Mimi sikufanya hivyo. Nilikuwa Syracuse, jimbo la New York, karibu kabisa na ardhi ya Waonondaga, mojawapo ya mataifa ya Wairokwa. Kitabu nilichokichukua kilichora mahema ya ngozi yenye ncha, na mzee mwenye taji la manyoya lililomfika kiunoni. Nilipomaliza kusoma, mama mmoja alikuja, akakifungua ukurasa uleule, akaweka kidole juu ya hema. "Hii si nyumba yetu," akasema kwa upole. Mwanawe alikuwa amesimama pembeni, anaitazama picha niliyomwonyesha mimi.

Mahema yale ni ya watu wa nyanda za magharibi. Wairokwa wenyewe hujiita Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu: imeezekwa kwa magome ya miti, mioto imepangwa katikati, familia za ukoo mmoja wa upande wa mama zinatazamana huku na huku. Ukikosea nyumba umekosea na jina lao. Hata manyoya ya kofia yana hesabu kwa kila taifa lao: Wamohawk matatu yaliyosimama wima, Waseneca moja.

Halafu kuna Dada Watatu, yaani mahindi, maharage na maboga. Hapa wazazi wetu waliotoka Kongo hawahitaji kuelezwa, wamelima hivyo tangu utotoni. Haragwe hujizungusha kwenye bua la hindi, mizizi yake huirutubisha ardhi, na majani mapana ya boga hufunika udongo usikauke, magugu yakakosa jua. Nimeona kitabu kilichowachora dada hao kila mmoja kwenye mstari wake, mbalimbali kama askari. Hicho nilikirudisha rafuni. Hadithi yote imo katika kule kushikana kwao.

Usiogope kifo kikitokea. Katika masimulizi mengi, Mwanamke wa Mbinguni anaangukia mgongoni mwa kobe, na binti yake anafariki akijifungua mapacha. Mimea ile mitatu inaota kwenye kaburi lake. Vitabu vinavyoruka kaburi humwachia mtoto mboga tu.

Vinyago vya tiba usivionyeshe, wala usiwaambie watoto wavitengeneze kwa karatasi. Ni vitu vitakatifu, na Baraza Kuu lao limekataza.

Na majira ya kusimulia hadithi hizi ni baridi, ardhi ikiwa imelala. Sisi ambao bibi zetu walikuwa wakitukataza ngano za mchana tunalielewa hilo upesi. Kwa hiyo siku hizi nangoja theluji ndipo nisome. Kiangazi nawapeleka watoto bustanini, wachuchumae, watazame haragwe linavyolipanda hindi.